Daftari la Nyanya

Daftari ninalo bado. Ni daftari la shule, jalada limejikunja kwa maji, na ukurasa wa kwanza nimeuandika kwa ule mwandiko wa ubaoni ambao walimu tunautoa tukitaka kuaminiwa. Upande wa kushoto: matuta mangapi, mashina mangapi kwa kila tuta, mabeseni mangapi ya nyanya, bei ya beseni. Upande wa kulia: dawa za Baba mkubwa kwa miezi 12, miwani ya Mama mkubwa, unga wa bukari (ugali), kodi ya nyumba, mshahara wa binti wa kukaa na wazee. Chini nimepiga mistari miwili kwa rula. Kushoto kulizidi kulia, tena kwa mbali. Tangu Agosti 2024 nimeirudia hesabu ile zaidi ya mara kumi, na kila mara inatoka vilevile. Sikukosea kujumlisha wala kuzidisha. Nilisahau safu moja tu, safu ya siku.

Mwenye nyanya ni Yaya. Huku Kalemie yaya si mlezi wa watoto kama wanavyosema ng'ambo ya ziwa. Ni dada au kaka aliyekutangulia kuzaliwa, na huyu wangu ni binti wa dada mkubwa wa mama yangu. Ana mikono ya kazi na maneno machache. Mume wake alikwenda kuchimba madini Manono, na habari zake huja kwa msimu kama kumbikumbi.

Wazazi wake, Baba mkubwa na Mama mkubwa, walifika mjini mwaka 2017. Machafuko ya Batwa na Baluba yalipokifikia kijiji chao, barabara ya Nyunzu, walitoka na sufuria, mkeka na redio isiyo na betri. Walikaa kwanza chini ya turubai pamoja na wakimbizi wenzao, halafu Yaya akawapa chumba cha uani. Watu walipowapa pole walihesabu vilivyoonekana: nyumba iliyochomwa, mbuzi walioibwa. Hata mimi sikujua, mpaka nilipoonyeshwa kwa uchungu, kwamba hasara yao kubwa ilikuwa nyingine. Baba mkubwa alikuwa na ngazi nyuma ya nyumba, michikichi aliyoipanda mwenyewe alipooa. Mama mkubwa alikuwa na muhogo. Ngazi haina haraka wala haina likizo: mwezi huu unakata mikungu miwili, mwezi ujao mitatu, unakamua, unauza chupa mbili tatu za mawese, unapata sabuni na chumvi. Muhogo nao hukaa ardhini ukikungoja. Una mgeni leo unang'oa leo, huna njaa unauacha. Mzee wa kijijini hana pensheni inayotoka Kinshasa, ila ana vitu hivyo viwili vinavyomlipa kidogokidogo bila kumwuliza umri. Vita viliwanyang'anya wazee wale mshahara wao, nasi tukawapa pole ya nyumba.

Kwa nini basi nyanya? Kwa sababu nyanya hulipa kwa kishindo. Wakati wa masika, mvua inapopiga maua na kuozesha matunda, nyanya Kalemie hupangwa tatutatu juu ya gunia kama mayai, na mama anayeuliza bei hujikuta anacheka peke yake. Yaya aliliona beseni moja likiuzwa mwezi wa Februari kwa bei ambayo hakuwahi kuishika mkononi kwa siku moja. Akaja kwangu usiku uleule. "Mwalimu, nipigie hesabu." Nikampigia, kwa bei ile ya Februari. Mavuno yetu yangekuwa mwisho wa Agosti, katikati ya kiangazi, wakati kila mwenye jembe kando ya Lubuye na Lukuga anavuna, na maboti ya Moba yanashusha mizigo yake bandarini. Kosa hili la bei nalikiri upesi kwa kuwa silo lililotuumiza.

Shamba alilikodi karibu na mahali Lukuga inapotoka ziwani. Anayeijua historia ya mlango ule hatashangaa. Ziwa Tanganyika lina mito mingi inayoingia na mmoja tu unaotoka, nao ni huo, na una tabia ya kuziba. Mwingereza Cameron aliufikia mwaka 1874 akaukuta umesongwa na majani na tope. Stanley akapita 1876, maji bado yanasukumana na kizibo. Miaka miwili hivi baadaye kizibo kilipasuka, ziwa likateremka mita kadhaa, na nchi kavu ambayo leo tunaipigania kwa hati na mashahidi ikajitokeza. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba nusu ya Kalemie ni mkopo wa ziwa. Mwaka 2024 ziwa lilikuja kuudai. Maji yalipanda mwezi wa Aprili na Mei, yakaingia nyumbani kwa watu, yakafika Avenue Lumumba, tukawa tunavuka barabara kuu ya mji tumeshika viatu mkononi. Mwezi wa sita yalipoanza kurudi nyuma yaliacha ukanda wa tope jeusi, laini kama bukari ya ndizi. Mwenye kiwanja alikuwa na hasara, akatoa bei nzuri. Yaya alikuwa na miche ya Rio Grande tayari kwenye masanduku uani. Nani asingepanda?

Mama mkubwa hakukubali. Alikwenda mwenyewe kwa fimbo kulitazama lile tope, akachukua donge, akalinusa, akarudi. Jioni alisema neno moja ambalo nililisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. "Muniachie kipande kidogo hapa nyuma ya nyumba, nipande lengalenga." Yaya alicheka kwa heshima. "Mama, lengalenga ni mboga ya kukopa chumvi. Mtu hatibiwi kwa lengalenga." Mama mkubwa akajibu: "Nyanya njo ya sikukuu. Sisi tunakula kila siku." Nilikuwepo, kalamu mkononi. Sikuandika.

Ukweli wa shambani ni huu, na mkulima yeyote wa mboga anaujua bila kuusoma. Nyanya hukaa kwenye kitalu wiki nne, kisha ukiihamisha hukungojesha siku sitini, sabini na zaidi kabla ya tunda la kwanza kuiva. Miezi mitatu na ushei hiyo ni ya kutoa tu: mbegu ya kopo, mbolea iliyovuka ziwa kutoka Kigoma, vijiti, kamba, mtu wa kukulimia. Halafu fedha zote huja kwa pamoja. Lengalenga ukiimwaga leo, wiki ya tatu au ya nne unachuma. Ukikata ncha inachipua pembeni, unakata tena. Matembele vilevile. Fungu moja halikupi kitu cha kujivunia, ila linakupa kesho, na keshokutwa. Sasa tazama upande wa kulia wa daftari langu. Kidonge cha tansio, ile ambayo ng'ambo wanaiita presha, hunywewa kila siku. Bukari hupikwa kila siku. Mzee huogeshwa kila siku. Mimi nilichukua mahitaji ya kila asubuhi nikayafunga kwenye zao linalolipa mara moja, nikapiga mistari miwili kwa rula.

Baba mkubwa alipewa dawa ile mapema mwaka 2024, baada ya kuumwa kichwa kwa muda mrefu. Mwuguzi alimweleza mbele yetu: hii si dawa ya malaria ambayo ukipona unaacha; unakunywa hata ukijisikia kijana. Tukaitikia wote. Mpango wetu ulikuwa kununua dawa za mwaka mzima siku ya mavuno, na mpaka siku hiyo "tutajikaza". Neno hilo, kujikaza, linafaa kwa mtu anayebeba gunia. Sijui mishipa ya mzee hujikaza vipi.

Na binti wa kukaa nao alikuwepo, mtoto mzuri wa jirani. Kazi yake ilikuwa kupika, kuchota maji, na kumkumbusha Baba mkubwa kidonge. Tulikubaliana naye alipwe mwezi wa tisa, nyanya zikishauzwa. Mwezi wa saba akapata mama anayelipa kila Jumamosi, akaenda. Hakuna aliyemlaumu, naye kwao kulikuwa na sufuria tupu. Tulisema tutatafuta mwingine. Nyanya kiangazi hudai maji alfajiri na jioni, na hizo ndizo saa ambazo mzee huamshwa, huogeshwa, hulishwa na kupewa dawa. Yaya alikuwa akitoka nyumbani giza halijaondoka, ndoo kichwani, akirudi jua limezama. Nasikia kule Kenya nyanya ni tunda na nyanya ni bibi, neno moja kwa wote wawili. Mwezi ule wa saba, Yaya kila alipokuwa kwa nyanya wa kwanza, hakuwa kwa wa pili.

Ndugu zake? Wapo. Mmoja yuko Lubumbashi, hutuma M-Pesa pale roho inapomgusa, na roho yake hugusika vizuri zaidi Krismasi. Mwingine yuko hapahapa, anaendesha taksi-moto, hupita akipiga honi, "Mama, uko salama?" na pikipiki haizimwi. Si watu wabaya. Hakuna siku tuliyoketi kugawana wazee wale kama watu wanavyogawana shamba la urithi, huyu mpaka wake hapa, yule pale. Yaya ni wa kike, Yaya ni wa kwanza, Yaya ndiye mwenye chumba, basi ikaeleweka. Katiba yetu ya 2006, ibara ya 40, inasema watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao. Ibara ya 49 inawapa wazee haki ya kulindwa. Nimezifundisha darasani. Neno la Katiba ni "watoto", kwa wingi, nasi nyumbani tukalisoma kwa umoja.

Pigo lilikuja jua la saa sita, mwisho wa mwezi wa saba. Mashina yalikuwa yamefika kiunoni, yamebeba matunda mabichi. Yaya aliona machache yamelegea, majani yananing'inia yakiwa kijani kibichi, kama mtu aliyezimia akiwa amevaa nguo nzuri. Akadhani kiu, akamwagilia. Jioni yakainuka. Kesho yake yakalegea tena na hayakuinuka, na mengine kumi pembeni yakafuata, kwa mstari, kule maji yanakopita kati ya matuta. Tulimwita agronomu, bwana shamba mmoja mstaafu, mtu asiyependa kusema kabla ya kuonyesha. Aliomba bilauri ya maji safi. Akakata kipande cha shina karibu na mzizi, akakishika ndani ya maji bila kukitikisa. Tukakaa kimya. Baada ya muda mfupi ukaanza kushuka uzi mweupe kama wa maziwa kutoka kwenye kile kidonda, mwembamba, taratibu, ukielekea chini ya bilauri.

"Huo ni mnyauko wa bakteria," alisema. "Hauna dawa. Unakaa ndani ya udongo kwa miaka, na maji ndiyo gari lake. Hapa zamani palilimwa nini?" Mwenye kiwanja akasema: biringanya, na kabla yake nyanya, na pilipili. Agronomu akafunga jicho moja. Ukoo mmoja huo, alisema, na viazi ulaya nao ndani yake. Wote hulishana ugonjwa. Mafuriko yalikuwa yameusambaza kutoka bustani hadi bustani. Alitushauri tung'oe vyote, tuchome, tupande mahindi kwa misimu kadhaa, na majembe tuyasafishe kabla ya kugusa udongo mwingine. Mama mkubwa aliposimuliwa hakusema "nilisema". Aliuliza tu kama watu wamekula.

Hapo bado ningeweza kukiita kisa hiki hasara ya shamba, na hasara za shamba tunazijua, tunazililia na kuzisahau. Lakini wiki ya pili ya Agosti, asubuhi, Baba mkubwa alishika kikombe cha chai kwa mkono wa kulia, kikombe kikaanguka, naye akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Akataka kusema, mdomo ukaenda upande. Yaya alikuwa shambani anachoma mashina. Tulimpeleka hospitalini juu ya taksi-moto ya mwanawe, mimi nyuma nimemkumbatia, na siku hiyo ndiyo nilijua uzito wa mzee aliyekonda.

Daktari aliuliza kuhusu dawa. Tukasema anakunywa. Mama mkubwa alinyamaza, kisha akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kiberiti. Ndani hapakuwa na njiti. Palikuwa na nusu za vidonge, zimekatwa kwa wembe, na vumbi jeupe la zile zilizovunjika vibaya. Tangu mwezi wa sita, vilipobaki vichache, Baba mkubwa alikuwa akinywa nusu. Mwezi wa saba akaanza kuruka siku. Alikuwa hasikii maumivu, kwa hiyo aliona anafanya biashara nzuri. Tansio haina kelele; jino likiuma mtu hulala chini, lakini hii hukuacha unatembea, unacheka, mpaka asubuhi ya kikombe.

"Kwa nini hamkusema?" Yaya aliuliza, naye ndiyo kwanza amefika, miguu ina majivu.

Mama mkubwa akamjibu bila kuinua macho: "Mutoto iko na shamba. Tuliona tungojee nyanya."

Mambo mengi nimeyaelewa katika neno lile, na bado nalielewa. Tulidhani sisi ndio tunaowatunza wazee. Wao walikuwa wanaitunza nyanya. Waliila njaa ya dawa ili mbolea isikosekane. Walificha kiberiti ili binti yao asiache kumwagilia. Adabu yao ndiyo iliyowaponza, na sisi tulioisifu adabu hiyo kila siku hatukumpa mtu kazi ya kuketi na kuangalia mzee akimeza.

Kingine kinachoniudhi hadi leo: Yaya alikuwa mwanachama wa AVEC, kile kikundi cha akiba cha mama wa avenyu yetu, wanaokutana kila wiki wakinunua hisa. Kikundi kina kasha la pembeni la msaada, kila mtu hutia faranga chache, akiuguliwa anasaidiwa. Alijitoa mwezi wa Mei ili ile hisa ya kila wiki iende kwenye mbolea. Nilimwunga mkono. Katika daftari langu kile kiasi kidogo cha kila wiki kilionekana kama tundu kwenye ndoo.

Baba mkubwa hakufa. Alikaa hospitalini siku 16, akarudi na mguu unaoburuta na ulimi mzito. Ndipo tukaketi. Yule wa Lubumbashi tulimweka kwenye simu, sauti kubwa, simu juu ya kinu. Maneno makali yalisemwa ambayo hayana haja ya kuandikwa. Mwishoni yeye akakubali kutuma kiasi kidogo kila Jumamosi, na si mfuko mkubwa wa Krismasi, na vidonge vinunuliwe kwa fedha hizo kabla ya kitu kingine. Wa taksi-moto akapewa kumpeleka mzee kupimwa kila baada ya wiki mbili, na kila jioni kuzima pikipiki, kuingia ndani, kumgeuza baba yake na kumwogesha; mwanamume kwa mwanamume, jambo ambalo Baba mkubwa alikuwa akilitamani muda wote akaona haya kulitamka. Mimi nikapewa alfajiri za Jumanne na Ijumaa. Nikauliza, "Na Mama mkubwa tumpe nini?" nikimaanisha apumzishwe. Akasema: "Kile kipande nyuma ya nyumba."

Alimwaga lengalenga mwanzoni mwa Septemba, kwa maji ya kuoshea vyombo, kwenye udongo wa mchanga ambao hakuna aliyeutamani. Kabla mwezi haujaisha alikuwa anakata, ameketi kwenye kibao, kisu kidogo, saa kumi na moja na nusu asubuhi, na mama wa sokoni wakimpitia mlangoni wenyewe. Mafungu hufungwa na Baba mkubwa. Mkono wa kushoto tu, na meno. Mtaalamu wa viungo alipoona akasema aendelee, ni mazoezi kuliko yale ya kwake. Fedha ya mafungu matatu ya kwanza huingia kwenye kopo la maziwa lenye tundu. Nilisikia Mama mkubwa akimwagiza mjukuu: "Nenda uniangalilie ngazi imetoa ngapi," na mtoto, ambaye hajawahi kuuona mchikichi wa babu yake, akaenda moja kwa moja kwenye kopo akalitikisa.

Yaya amerudi AVEC. Na nyanya hajaiacha, msidhani. Damu yake ni ya biashara na anaipenda ile harufu ya majani yake mikononi. Amepata matuta mawili juu kilimani, mbali na maji ya ziwa, mahali palipolimwa mahindi miaka mitatu mfululizo, naye anataka kuvuna masika, bei ikiwa ya kucheka. Juzi alikuja uani kwao nikiwepo, akanitupia lile daftari magotini.

"Mwalimu, nipigie hesabu."

Nikafungua ukurasa mpya, nikachora mistari ya siku, thelathini na moja, kabla ya kuandika tuta hata moja. Kisha nikauliza vidonge vimebaki vingapi. Yaya akageukia dirishani apige hodi, lakini jibu likawa limeshatoka kwenye kile kiti cha kamba mlangoni, kwa ulimi mzito, neno baada ya neno:

"Kumi... na... vinane."